Mafunzo ya ukandaji wa tumbo na mitishamba ya wanawake nje ya nchi: niulize nini kabla sijalipa?

Zuwena_K

Habari zenu wadau.

Nina cheti cha ukandaji wa kawaida (mgongo, shingo, miguu) na sasa nataka kuingia kwenye afya ya wanawake. Nimepata tangazo la mafunzo ya siku 10 nje ya nchi, ya kukaa palepale, malazi na chakula vikiwa ndani ya ada. Ratiba inataja kukanda tumbo na nyonga, kumhudumia mama aliyejifungua pamoja na kumfunga mkaja, misuli ya sakafu ya nyonga, kujifukiza, halafu mitishamba ya hedhi, ujauzito na ukomo wa hedhi. Wanafunzi ni 16, mwalimu mmoja, na msaidizi ambaye hawajamtaja jina wala sifa. Tangazo linasema ukishapewa cheti unaweza kuanza kupokea wateja mara moja.

Wanataka malipo ya awali ambayo hayarudishwi. Naomba mnisaidie: niwaulize nini kabla sijatuma hela, muda huo unatosha kweli kwa mada zote hizo, na kwenye mitishamba nijiandae vipi, maana huko sina msingi kabisa. Pia kama kuna anayejua hicho cheti kina uzito gani ukirudi, tafadhali.

FundiKiganja

Dada Zuwena, weka pembeni orodha ya mada, anza na hesabu ya saa.

Siku 10 za tangazo si siku 10 za darasa. Toa siku ya kufika, ya kuondoka na ya matembezi, ambayo mafunzo ya namna hii huwa hayaikosi. Zinabaki 7. Wakifundisha saa 6 kwa siku unapata saa 42. Nusu yake ni maelezo na maonyesho, zinabaki 21 za vitendo. Mnafanya wawili wawili kwa kupokezana, kwa hiyo mikono yako inakuwa kazini saa kumi na nusu tu, na hizo uzigawe kwa mada zote ulizotaja. Sasa tazama usimamizi. Wanafunzi 16 ni vitanda 8. Mwalimu akizunguka saa nzima bila kusimama, kila kitanda kinapata dakika saba na nusu. Ukiwa unabonyeza kwa ncha za vidole badala ya kiganja, unaweza kulirudia kosa hilo dakika hamsini kabla hajafika kwako. Kwa kazi ya tumbo mwalimu mmoja kwa wanafunzi 6 ndiyo inafaa, 8 inavumilika. Ndiyo maana huyo msaidizi asiyetajwa ni wa muhimu sana: ni nani, alisomea nini, na ana mamlaka ya kukusahihisha au kazi yake ni kutandika vitanda?

Waombe ratiba ya saa kwa saa. Wakikataa kuitoa kabla ya malipo, hapo umeshapata jibu.

Swali la pili, na kwangu ndilo zito kuliko yote: siku gani mnafundisha nani HAGUSWI tumbo? Mwalimu anayejua kazi atakujibu bila kufikiri, na somo hilo litakuwa siku ya kwanza au ya pili, kabla mtu hajapanda kitandani. Mambo ambayo lazima yawemo ni haya: ujauzito au hata kuchelewa siku bila kupima, hasa miezi mitatu ya mwanzo, homa, uchafu wenye harufu pamoja na maumivu ya chini ya tumbo, kutokwa na damu kusikojulikana chanzo, na damu yoyote baada ya hedhi kukoma, henia, upasuaji wa karibuni, saratani inayotibiwa, uvimbe mkubwa wa kwenye ovari. Maumivu makali ya ghafla ya upande mmoja yakiambatana na kutapika yanaweza kuwa ovari iliyojinyonga. Yakiambatana na hedhi iliyochelewa, kizunguzungu au maumivu ya ncha ya bega, fikiria mimba iliyo nje ya kizazi. Hao wawili huwapi chai wala kuwakanda, ni gari na hospitali.

Miguu nayo isisahaulike. Mjamzito, na mama katika wiki 6 za mwanzo baada ya kujifungua, damu yake huganda kwa urahisi kuliko kawaida. Mguu mmoja ukivimba, ukawa wa moto na unauma kwenye shavu la mguu, usiukande hata kidogo, kwa sababu bonge la damu likichomoka linaelekea kwenye mapafu. Mafunzo mengi ya "kumhudumia mzazi" yanafundisha kukanda miguu kwa nguvu bila kulitaja hili.

Kuhusu ukandaji wenyewe, hivi ndivyo unavyotambua unafundishwa vizuri. Mteja akojoe kwanza, na awe hajala mlo mzito kwa saa 2 hivi. Alale chali na mto chini ya magoti, ili ukuta wa tumbo ulegee. Mikono iwe ya moto. Kiganja kizima kitulie kwanza juu ya tumbo bila kusogea mpaka pumzi yake ishuke. Ukiukanda utumbo mkubwa unakwenda kama mshale wa saa: unaanza chini upande wake wa kulia, unapanda mpaka chini ya mbavu, unavuka, unashuka kushoto. Unazama anapotoa pumzi na unaachia anapovuta. Misuli ikijikaza chini ya mkono wako, hapo umefika mwisho, rudi juu. Kusukuma zaidi ukidhani unavunja mkazo ndiko kunakoleta michubuko na maumivu ya siku mbili.

Juu kidogo ya kitovu utahisi mapigo. Hiyo ni aota, na kwa mtu mwembamba ni kawaida kuihisi. Lakini weka vidole vya mikono miwili pande zake: kama kitu kipana kinadunda na kuvisukuma vidole vyako kulia na kushoto, ondoa mikono na umpeleke akapimwe.

Kuna dai moja utakalolisikia, la "kurudisha kizazi mahali pake". Kizazi kisicho na mimba kina urefu wa sentimita 7 hadi 8, kimekaa ndani ya nyonga nyuma ya kibofu na mfupa wa kinena. Takribani mwanamke 1 kati ya 5 kizazi chake kimelalia nyuma, na hayo ni maumbile, mara nyingi hayamdhuru kwa lolote. Ukandaji wa tumbo unaweza kupunguza maumivu ya hedhi, kusaidia choo kigumu, kulegeza kovu lililopona na kumtuliza mtu, na hayo si madogo. Mwalimu anayeahidi kwamba utatibu ugumba au kuyeyusha fibroidi anakufundisha kuwapotezea wanawake muda ambao hawana.

Misuli ya sakafu ya nyonga ikifundishwa kwa nje tu, yaani kupumua, kukaza na kuachia, mkao, sawa. Kama wanafundisha kuingiza kidole ukeni kwa siku moja au mbili, kaa mbali. Hiyo ni kazi ya mtu aliyesomea tiba ya viungo au taaluma nyingine ya afya, na nchi nyingi haziruhusu mkandaji kuifanya.

Mkaja: angalia wanaanzia wapi kufunga. Sahihi ni kuanzia chini kwenye mifupa ya nyonga na kupanda. Ukianza kiunoni na kukaza, unasukuma kila kitu chini kwenye sakafu ya nyonga ambayo imetoka kuzaa juzi, na mama anaanza kuhisi uzito ukeni au kuvuja mkojo. Vidole viwili vipite chini ya kitambaa, aweze kuvuta pumzi mpaka tumboni, na akilala avue. Kabla ya kufunga pima mwanya wa misuli: alale chali magoti yakiwa yamekunjwa, anyanyue kichwa kidogo, weka vidole kwenye mstari wa katikati juu ya kitovu. Mwanya wa zaidi ya vidole viwili unahitaji mazoezi ya polepole, na mkaja peke yake hautaufunga. Aliyejifungua kwa upasuaji, kitambaa kisisugue kidonda, na kovu lisikandwe kabla halijafunga kabisa na daktari hajaruhusu. Kwa kawaida ni baada ya wiki 6 hadi 8.

Mizizi_na_Majani

FundiKiganja amemaliza upande wa mikono, mimi niongelee majani.

Dada, kwa siku 10 zilizogawanywa hivyo hutakuwa mganga wa mitishamba. Utakachoweza kurudi nacho ni mimea 10 hadi 12 unayoijua barabara, na hiyo inatosha sana kama umeijua kweli. Kuujua mmea ni kutaja jina lake la kisayansi, sehemu inayotumika, kipimo, nani asipewe na dawa gani za hospitali inagombana nazo. Mwalimu akigawa karatasi yenye mimea 80 na neno moja moja la matumizi, hiyo ni orodha tu.

Jina la kisayansi si mapambo. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 huko Ubelgiji zaidi ya wanawake 100 waliharibika figo baada ya kutumia vidonge vya mitishamba vya kupunguza unene. Mmea uliotakiwa kuwemo ni Stephania tetrandra, ukaingia Aristolochia fangchi, kwa sababu majina yao ya Kichina yanakaribiana. Asidi iliyomo kwenye Aristolochia huua figo na husababisha saratani ya njia ya mkojo. Kwenye afya ya wanawake hatari ya namna hiyo ipo pia: kohoshi nyeusi, Actaea racemosa, hutumika kwa joto la ghafla la ukomo wa hedhi, na kohoshi ya bluu, Caulophyllum thalictroides, ni mmea mwingine kabisa, wa familia nyingine. Huo wa pili umehusishwa na matatizo mazito ya moyo kwa watoto wachanga ambao mama zao waliutumia kuharakisha uchungu. Kama mwalimu anasema "kohoshi" tu na kuendelea, mkatishe umuulize ipi.

Kabla ya kwenda, hii mitano uwe umeisoma mwenyewe:

Tangawizi ya unga. Kwa maumivu ya hedhi vipimo vilivyojaribiwa ni miligramu 750 hadi 2000 kwa siku, zikigawanywa, kwa siku 3 za mwanzo wa hedhi. Kwa kichefuchefu cha ujauzito kiwango kinachotumika ni gramu 1 kwa siku, kwa mafungu manne. Anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda asipewe bila daktari wake kujua.

Majani ya rasiberi, Rubus idaeus. Wakunga wanaoyatumia huyaanza mwishoni mwa ujauzito, kuanzia wiki ya 32 hivi, na ushahidi kwamba yanarahisisha uzazi ni dhaifu. Yana tanini zinazoshika madini ya chuma, kwa hiyo mama asiyanywe pamoja na vidonge vyake vya kuongeza damu. Aache saa 2 katikati. Hili la chuma husahaulika, na ndilo linalomuumiza mjamzito mwenye upungufu wa damu.

Vitex agnus-castus, kwa dalili za kabla ya hedhi kama matiti kuuma na hasira. Hauonyeshi kitu wiki ya kwanza. Mpe mizunguko mitatu ndipo uamue. Usitolewe kwa mjamzito, wala kwa anayetumia homoni au dawa zinazogusa dopamini, kemikali ya ubongo.

Urukususu (licorice), Glycyrrhiza glabra. Mtamu, unaingia kwenye kila mchanganyiko wa chai, na watu hawauhesabu kama dawa. Hupandisha presha na kushusha potasiamu. Kwa mjamzito ni hapana.

Hypericum perforatum (St John's wort), wa huzuni. Unalifanya ini livunje dawa haraka, hivyo vidonge vya uzazi wa mpango vinapungua nguvu, na za kupunguza makali ya VVU pia. Athari hiyo inaendelea kama wiki mbili baada ya kuacha. Mwanamke anaweza kubeba mimba asiyoipanga kwa sababu ya chai aliyopewa na mkandaji wake.

Na ya kukataa moja kwa moja: mafuta ya Mentha pulegium kwa "kurudisha hedhi" yameua watu kwa kuharibu ini. Komfri, Symphytum, ina sumu ya ini ikinywewa. Mwaka 2001 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani iliwataka watengenezaji waondoe sokoni bidhaa zake za kunywa. Ya kupaka ni kwenye ngozi isiyo na jeraha tu, kwa muda mfupi. Darasa likifundisha mimea ya "kuleta hedhi iliyochelewa" bila kuanza na kipimo cha mimba, hapo kuna tatizo la msingi.

Utengenezaji mfanye kwa mizani. Kiganja kimoja cha maua makavu na kiganja kimoja cha mizizi ni uzito tofauti kabisa. Maua na majani laini: gramu 2 hadi 3 kwa mililita 250 za maji yaliyochemka, funika, dakika 10 hadi 15. Kufunika ni lazima, kwa sababu dawa ya kamomili au shamari iko kwenye mafuta yanayopanda na mvuke. Mizizi na magome: gramu 20 hadi 30 kwa mililita 750, moto mdogo dakika 20 hadi 30 mpaka zibaki kama 500. Dawa ya kuloweka kwenye pombe: gramu 100 za mmea mkavu kwa mililita 500 za pombe ya asilimia 40 hadi 50, wiki 2 hadi 4 gizani, tikisa kila siku, kamua. Hiyo ndiyo wanayoiita moja kwa tano. Lebo iandikwe siku hiyohiyo: jina la kisayansi, sehemu ya mmea, uwiano, nguvu ya pombe, tarehe.

Mafuta ya kukandia yaliyolowekwa mimea ndiyo yanayoharibika zaidi mikononi mwa wanafunzi. Sababu ni maji. Jani likiwa bado na unyevu, wiki ya pili unaona ukungu shingoni mwa chupa na viputo vidogo vikipanda. Likaushe mpaka livunjike kwa sauti ukilikunja, liwe limezama lote, na chombo kiwe kikavu kabisa. Ukipasha, tumia sufuria juu ya maji ya moto, nyuzi zisizidi 60 kwa saa 2 hadi 4. Mafuta yakianza kunuka kama vya kukaanga, umeyaunguza.

Mafuta makali ya kudondosha: kwa mjamzito asilimia 1, maana yake matone 6 hivi kwenye mililita 30 za mafuta ya msingi, na si kila aina inafaa. Mtu mzima asiye mjamzito asilimia 2, matone 12. Hayanywewi.

Zuwena_K

Asanteni sana, hesabu ya saa imenifumbua macho. Nimewaandikia kuomba ratiba na jina la msaidizi.

Mawili zaidi: mimi mwenyewe nina kitanzi, na kwenye vitendo tutakandana wenyewe kwa wenyewe. Nitaruhusiwa? Na kujifukiza kumewekwa kama sehemu ya lazima, kila mwanafunzi lazima afanye. Pia ningependa kurudi na mimea kidogo kwenye begi.

Mkunga_Salome

Shikamooni wakubwa. Zuwena, nikujibu ya mwili, ya begi wapo wanaoyajua zaidi.

Kitanzi: kukandwa kwa wepesi juu ya kitovu hakuna shida. Chini ya kitovu usikubali kubonyezwa kwa kina, na kama kimewekwa karibuni usikandwe kabisa, maana miezi ya mwanzo ndiyo kitanzi huwa na uwezekano mkubwa zaidi wa kutoka chenyewe. Baada ya mafunzo kagua nyuzi. Zikiwa ndefu kuliko ulivyozoea au huzipati, nenda kapimwe na utumie kinga nyingine mpaka ujue. Waambie mapema kwa maandishi. Mafunzo mazuri yana fomu ya afya ya mwanafunzi kabla ya kusafiri, na wana mpango kwa aliye mjamzito, aliye kwenye hedhi nzito, mwenye kitanzi na aliyefanyiwa upasuaji. Kama fomu haipo, watakugundua ukiwa tayari kitandani.

Kujifukiza ukeni sitakushauri. Uke wenye afya una tindikali, kati ya 3.8 na 4.5, na bakteria wake wa kuulinda. Mvuke hauingii kwenye kizazi, kwa sababu shingo ya kizazi imeziba kwa ute, kwa hiyo lile neno la "kusafisha kizazi" halina njia ya kutokea. Kinachotokea kweli ni kuungua. Mwaka 2019 madaktari wa Kanada walichapisha habari za mwanamke wa miaka 62 aliyeungua daraja la pili ukeni na kwenye shingo ya kizazi. Alikuwa akijaribu kutibu uke ulioshuka. Ngozi ya pale ni nyembamba, na mvuke unachoma kabla hujahisi vizuri umechoma. Mjamzito, mwenye hedhi, mwenye maambukizi, mwenye kitanzi na mwenye mshono mpya wasifanye kabisa. Wewe una kitanzi, umeshajitoa.

Na hilo neno "lazima" ndilo linanisumbua zaidi kuliko mvuke wenyewe. Kazi hii ni ya kugusa mwili wa mwanamke sehemu ambazo wengine wameumizwa. Ridhaa inaombwa kabla ya kila hatua: "sasa nitashusha shuka mpaka juu ya mfupa wa kinena, sawa?", unasubiri jibu, ndipo unagusa. Mteja anaweza kusema acha katikati na unaacha bila kuuliza sababu. Mwalimu anayelazimisha wanafunzi wake hawezi kuwafundisha hayo. Waandikie swali moja: mwanafunzi akikataa zoezi la mwili wake, anapoteza cheti? Jibu lolote lisilo "hapana" likutoshe kutolipa.

Kwa wajawazito, hakikisha wanafundisha kulaza upande. Kuanzia wiki ya 20 hivi mama akilala chali muda mrefu kizazi kinaukandamiza mshipa mkubwa unaorudisha damu kwenye moyo, anapata kizunguzungu, jasho baridi, na mtoto anapungukiwa. Alale ubavu, hasa wa kushoto, mto kati ya magoti, mwingine mdogo chini ya tumbo. Kitanda chenye tundu la kuweka tumbo hakisaidii, kinaacha tumbo linaning'inia na kano zinavutika. Na kila mkandaji wa wajawazito awe na mashine ya presha: 140 kwa 90 au zaidi, maumivu makali ya kichwa, kuona nyotanyota, maumivu chini ya mbavu za kulia, huyo hakandwi, anakwenda hospitali siku hiyo. Hata aliyekwisha kujifungua dalili hizo zinaweza kumpata. Akiwa anajaza pedi nzima kwa saa moja au chini ya hapo, vivyo hivyo.

Begi_na_Pasi

Upande wa karatasi.

Cheti cha mafunzo kinathibitisha ulihudhuria. Leseni ni kitu kingine, na hutolewa na mamlaka ya mahali utakapofanyia kazi. Marekani majimbo mengi hudai saa 500 au zaidi za shule ya ukandaji na mtihani ndipo ulipishe mtu. Ujerumani kutibu bila kuwa daktari kunatawaliwa na sheria ya mwaka 1939 na kunahitaji kibali. Uingereza ukandaji hauna leseni ya serikali, kuna rejista ya hiari. Malaysia, kwenye ukandaji wa wazazi uliokomaa sana, ina sheria ya tiba asilia ya mwaka 2016 inayotaka wahudumu wasajiliwe. Kwa hiyo ile sentensi ya "unaweza kuanza mara moja" hawana uwezo wa kuisema, maana hawajui unatoka wapi. Uliza mamlaka ya kwako kwanza, halafu uliza kampuni ya bima ya kazi yako kama watakubali kukukinga kwa ukandaji wa tumbo na wajawazito ukiwasilisha cheti hicho. Bima ndiyo kipimo kizuri cha uzito wake, kwa sababu wao huangalia saa na mtaala.

Viza: omba barua ya waandaaji inayosema ni mafunzo ya muda mfupi, na uulize ubalozi kama viza ya utalii inaruhusu. Kama ratiba ina "kliniki ya jamii", yaani mnawakanda wakazi wa pale, hilo linaweza kuhesabika kama kazi hata kama hulipwi. Na uliza hao wakazi wanaelezwa kwamba wanakandwa na wanafunzi, kwa lugha yao.

Begi: mizizi yenye udongo, mbegu na mimea hai usibebe bila cheti cha afya ya mimea kutoka nchi unayoondoka, na pengine kibali cha kuingiza kutoka nchi unayorudi. Majani makavu nayo yatangaze forodhani. Kutangaza na kunyang'anywa ni bora kuliko kutozwa faini. Mimea mingine iko chini ya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya mimea na wanyama walio hatarini kutoweka, kwa mfano Hydrastis canadensis na jinseng ya Marekani, inahitaji vibali. Unga usio na lebo ndio unaokuweka pembeni kwa masaa.

Kuna na suala la maarifa yenyewe. Ukandaji mwingi wa tumbo unaouzwa kimataifa umetoka kwa wakunga na waganga wenyeji. Ule unaoitwa wa Kimaya, kwa mfano, ulienezwa na Rosita Arvigo, Mmarekani aliyejifunza kwa mganga Elijio Panti huko Belize. Itifaki ya Nagoya, iliyoanza kutumika mwaka 2014, inahusu ridhaa ya wenye mimea na maarifa hayo na mgawo wa faida, kwa nchi zilizoiridhia. Uliza wakunga wa pale wanafundisha wenyewe na wanalipwa, au wanaletwa siku moja mpigwe nao picha.

Malipo ya awali yasiyorudishwa ni ya kawaida, ila mkataba useme wao wakiahirisha au mwalimu akibadilishwa unarudishiwa yote. Nunua bima ya safari siku hiyohiyo unayolipa, na usome kama inagharimia kusafirishwa mpaka hospitali, maana vituo hivi hupenda kuwa mbali na mji. Uliza hospitali yenye upasuaji iko umbali wa dakika ngapi.

Zuwena_K

Wamejibu. Msaidizi ni mwanafunzi wao wa mwaka jana, na ratiba ya saa kwa saa "itatolewa mkifika". Kujifukiza wanasema ni sehemu ya uzoefu mzima. Sijalipa. Kuna mengine ya wanafunzi 8 na walimu wawili, mada ni tumbo na huduma ya baada ya kujifungua tu, mitishamba haimo.

FundiKiganja

Hayo ya pili ndiyo ya kuyaulizia. Walimu wawili kwa vitanda vinne, kila kitanda kinapata nusu saa ya jicho la mwalimu katika kila saa ya vitendo, mara nne ya kule. Waulize swali lilelile la siku ya kutogusa, na kama kuna tathmini ya vitendo ambayo mtu anaweza kufeli.

Mizizi_na_Majani

Kutokuwemo mitishamba hakukupunguzii kitu. Chukua ile mimea mitano, jifunze mmoja kwa mwezi: pima, chemsha, onja, andika, soma inagombana na nini. Urukususu uuache wa mwisho, na ukiuonja iwe kidogo, presha yako ukiwa umeipima kabla.